Jaketi na Kamba

Kwetu Ogwedhi, mbali na ziwa, watu hawaogelei. Maji ni ya ng'ombe, na mto ukifurika tunakaa upande wetu tukisubiri upungue. Kwa hiyo nilipomwambia baba kwamba nimepata kazi ya kuzamia ziwani, aliniuliza kama nimegombana na mtu. Nikamwambia hapana, nimefundishwa, nina cheti. Alikitazama kile cheti mbele na nyuma, akanirudishia, akaenda kufunga ndama.

Kazi yenyewe haikuwa ya kishujaa. Kampuni fulani ilikuwa na vizimba vya samaki kwenye maji ya upande wa kisiwa cha Takawiri: nyavu kubwa za mviringo zilizoning'inia ziwani, kila moja imejaa ngege. Nyavu hutoboka. Fisi maji huzitoboa, magogo huzitoboa, na tundu la ukubwa wa ngumi likikaa siku mbili bila kuonekana, kizimba kinabaki na maji matupu. Sisi tulishuka kuziba hayo matundu.

Kila boti ilikuwa na wazamiaji wawili. Mmoja anashuka, mwingine anabaki juu ameshika kamba iliyofungwa kwenye jaketi la aliye chini. Leo mimi, kesho wewe. Maji ya kule ni ya kijani, ukinyoosha mkono huoni vidole vyako, kwa hiyo tuliongea kwa kamba. Ukivuta mara moja, uko salama. Mara mbili, nilegezee. Mara tatu, nitoe. Na sheria ilikuwa moja: neno la mshika kamba ndilo la mwisho. Aliye chini anaweza kushikwa na hofu akavuta bila kujijua, kisha akifika juu akakana kwa aibu. Mshika kamba akisema umevuta, umevuta, na aliyevuta mara tatu hashuki tena siku hiyo.

Sheria hiyo niliipenda, na nilikuwa wa kwanza kuitetea mtu akilalamika. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana mjanja kuliko nilivyokuwa.

Mwenzangu wa boti alikuwa mwanamume wa Magunga, amenizidi miaka michache. Tulikutana kwenye mafunzo pwani. Sisi wawili tu ndio tuliotoka pande hizi, basi tukashikana kama ndugu. Yeye aliniita nyaminwa, dada, na mimi nilimwita omera, ndugu yangu. Kwa miaka sita tuliitana hivyo. Mkewe alipojifungua mtoto wa nne, mimi ndiye niliyebeba maji na kupika uji. Mama yangu alipolazwa Migori, yeye alikaa nami kwenye benchi la hospitali kutwa nzima, akiniletea chai ambayo sikuinywa. Baba yangu, ambaye hapendi watu haraka, alimpa jogoo.

Sasa, majaketi. Asiyejua kuzamia hudhani kazi ni kushuka. Kushuka hakuna kazi, hata jiwe hushuka. Kazi ni kukaa mahali. Jaketi la kuelea ni mfuko wa hewa unaovaliwa kifuani au mgongoni: ukibonyeza kitufe unajaa hewa kutoka kwenye mtungi nawe unainuka, ukiitoa hewa unashuka. Ustadi wote uko katikati, pale ambapo huinuki wala hushuki. Majaketi yetu ya zamani yalikuwa yameshonewa wanaume wenye vitambi. Yalivuja, tukayaziba kwa gundi ya kubandikia mipira ya baiskeli. La kwangu lilinipanda hadi masikioni kila nilipolijaza, nikawa natazama ziwa kutoka ndani ya kola.

Siku moja msimamizi wetu akatangaza kwamba kampuni itanunua majaketi mapya, moja kwa kila boti, na kwamba zamu zitakwisha. Jaketi zuri hukazwa mikanda kwa mwili wa mtu mmoja, na kila ukilifungua na kulifunga upya unaliharibu. Basi kila boti ingekuwa na mzamiaji mmoja wa kudumu na mshika kamba mmoja wa kudumu. Tungejaribiwa, na atakayetulia vizuri zaidi ndani ya jaketi jipya ndiye atakayeshuka.

Nililitaka jaketi hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Juu ya maji nilikuwa mgeni. Kiluo changu kina lafudhi ya bara, na wapo wazee wa ufukweni waliokuwa bado wakikunja uso mwanamke akikanyaga boti. Chini hakuna anayekunja uso. Chini nilikuwa mtu anayejua kazi yake, basi. Kushika kamba maisha yangu yote kungenirudisha kwa wale waliokuwa wakiniuliza kama nimepotea njia.

Muuzaji alikuwa mfanyabiashara Mwislamu kutoka pwani, akaleta mifano miwili ndani ya magunia. Tulikubaliana kuijaribu kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini Migori, kwa kuwa bwawa lina maji unayoweza kuona. Kupata siku ndiko kulikotutoa jasho. Ijumaa muuzaji anaswali, Jumamosi mwenzangu ni Msabato, Jumapili msimamizi yuko misa. Ikawa Alhamisi, na wageni wa hoteli wakaacha soda zao wakaja kututazama.

Jaketi la kwanza lilikuwa nene, lenye mifuko na sponji, hewa yake ikizunguka mbavu zote. Juu ya maji linakukalisha wima kama mtu aliye kwenye kiti. Lakini likijaa linabana kifua, na ile sponji yenyewe inaelea, hivyo unalazimika kuongeza risasi kiunoni, vile vipande vya madini vya kukuzamisha. La pili lilikuwa karibu si jaketi: mikanda tu, bamba jepesi, na mfuko mdogo wa hewa mgongoni. Kifua kiko wazi. Kwa maji ya joto kama ya kwetu, ambako unavaa suti nyembamba ya mpira au fulana tu, huhitaji mfuko mkubwa wala risasi nyingi. Na kwa mtu anayefanya kazi amelala kifudifudi mbele ya wavu, hewa ya mgongoni inakushika vizuri ajabu.

Lina kasoro moja. Ukifika juu ya maji, linakusukuma mbele, uso unaingia majini. Lilinitendea hivyo pale bwawani nikanywa maji ya dawa mbele ya wageni wa hoteli, na mwenzangu akacheka hadi akashika ukuta.

Yule muuzaji alitupa risasi kwa hesabu ya bahari. Alikuwa hajawahi kuuzia watu wa ziwa. Maji ya chumvi yanakubeba zaidi, maji yetu hayakubebi hivyo, na sisi kwa kumheshimu mgeni tukavaa alichotupa. Tulikwenda chini kama magunia ya mahindi, tukaketi sakafuni tukitazamana, mapovu yakitutoka kwa kicheko. Ndivyo tulivyokuwa. Hata leo nikikumbuka uso wa mwenzangu chini ya bwawa lile, kuna sehemu yangu inayocheka kabla sijaikataza.

Yeye ndiye aliyenishawishi nichague lile la mikanda. Mimi nilikuwa nikivutwa na lile nene kwa sababu ya aibu ya kunywa maji. Akaniambia kazi yetu iko chini, haiko juu, na mtu hachagui viatu kwa ajili ya kukaa. Msimamizi akatusikiliza, akaagiza la mikanda. Lilipofika, omera akasema tuanze na vipimo vyangu, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akakaza mikanda yote kwenye mabega yangu, shimo kwa shimo, akikata ncha zilizozidi na kuziunguza kwa kiberiti zisifumuke. Mtu aliyekukazia mikanda hivyo, utamshuku nini?

Siku ya kujaribiwa tulikwenda kwenye kizimba cha mwisho. Msimamizi alikata wavu mahali pawili, kina cha kama mita nne, na kila mmoja wetu akapewa kazi ya kufunga mafundo ishirini bila kuuegemea wavu na bila kuinuka wala kuzama. Mwenzangu alishuka kwanza, mikanda imelegezwa hadi mashimo ya mwisho, nami nikashika kamba yake. Alimaliza, lakini mapovu yake yalikuwa yakitembea: mara huku, mara kule, mara karibu na boti. Alipotoka alijua hakutulia. Alivua jaketi bila kunitazama, akarudisha mikanda kwenye vipimo vyangu. Aliponivalisha, akachomoa kipande kimoja cha risasi kiunoni mwangu. Akasema jaketi hili ni jepesi, sikihitaji.

Alisema kweli. Sijawahi kutulia vile. Nilipumua, nikabonyeza kitufe kidogo, na ziwa likanishika. Sikuwa na uzito kabisa. Nilifunga mafundo kwa namna ya kwetu, mizunguko miwili kushoto na mmoja wa kurudi, jinsi baba anavyofunga kamba ya ndama ili isimnyonge wala isimwachie. Wavuvi wa pale walikuwa wakiyacheka mafundo yangu, lakini hayakuwahi kufunguka. Kumi. Kumi na tano. Kumi na tisa. Nilikuwa nimezungusha la ishirini mara moja, mikono yote miwili iko kazini, nilipohisi bega la kushoto linainuka.

Kamba ilikuwa ikinivuta. Nilidhani kuna hatari juu: dhoruba, au boti nyingine inatujia. Mtu asiye na uzito majini, hata mtoto anaweza kumpandisha. Nilitoka juu, jaketi likanisukuma mbele kama kawaida yake, nikanywa maji, nikakohoa, nikarusha mikono. Ukiniona ungesema huyu anakufa.

"Amevuta mara tatu," mwenzangu akamwambia msimamizi.

Nilikohoa hadi nikapata sauti. Nikasema sikuvuta. Msimamizi akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angenitukana. Sheria ilikuwa ile ile niliyokuwa nikiitetea. Mwenzangu alinipangusa uso kwa fulana yake. Aliniambia kwa upole kwamba humtokea kila mtu, nisijali.

Nami nikamwamini. Hapo ndipo ninapojichukia. Nilikaa siku nzima nikitafuta jinsi nilivyovuta bila kujua, na nikaipata: pete ya kufungia kamba ilikuwa begani, upande wa mkono ninaokazia, basi huenda kila nilipokaza fundo niliitikisa kamba. Nililaumu jaketi. Nilizunguka ufuoni kote nikisema lile jaketi la mikanda ni baya, pete yake iko mahali pabaya, tungechukua lile nene. Niliwaambia hata watu wa boti nyingine, na wao wakaanza kuyatazama yao kwa wasiwasi. Yeye alinisikiliza nikilitukana jaketi mbele yake, wiki baada ya wiki, akiwa amelivaa, na akatikisa kichwa kana kwamba ananionea huruma.

Nikawa mshika kamba. Nilishika vizuri. Kama kuna jambo moja ambalo siwezi kulaumiwa kwalo, ni hilo. Mikanda ikarekebishwa kwa mwili wake, ila ncha alizokuwa amezikata kwa ajili yangu zilimfupikia, akaziungia vipande. Kila asubuhi niliviona vile viungo vikipita mbele ya macho yangu akishuka.

Miezi ikapita. Kizimba cha mwisho kikavunwa, wavu wake ukaletwa ufuoni kuanikwa kwenye mawe upande wa Homa Bay. Nilikuwa naukwangua magamba kwa kisu nilipoliona tundu langu. Mafundo yote yalikuwa pale, kumi na tisa, yamepangana kama meno, na pembeni la ishirini limezungushwa mara moja tu, uzi wake umening'inia. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimekaribia kiasi hicho! Nikamwita aje aone. Nathibitisha mbele ya Mungu kwamba sikuwa na neno lolote moyoni. Nilitaka anitanie juu ya mafundo ya ndama, kama zamani.

Alikuja akipangusa mikono. Nikamwonyesha, nikamwambia atazame, mikono yangu yote ilikuwa hapa, lilibaki moja tu.

Hakucheka. Aliligusa lile fundo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani amekuambia?"

Sikuwa nimeambiwa na mtu. Nilibaki nimeushika wavu. Maneno hayo mawili yalikuwa yamejibu swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Nadhani aliona usoni mwangu kwamba sikuwa najua, na kwamba sasa najua, maana alikaa chini juu ya jiwe.

"Nyaminwa," akasema, "niliona mapovu yako. Yalisimama mahali pamoja, hayakutoka hapo. Ulikuwa umenishinda. Wewe uko na kwenu, iko ng'ombe, iko shamba. Mimi wakinitoa majini naenda wapi?"

Nilimuuliza kuhusu kile kipande cha risasi. Nilitaka kujua kama alikichomoa ili nipande kwa urahisi, au kwa sababu kweli sikukihitaji. Akasema hajui. Alisema alipokichomoa alikuwa ananisaidia, na alipoishika kamba alikuwa tayari ni mtu mwingine. Ningeliweza kumpiga na kile kisu cha magamba. Badala yake nililia, tena kwa sauti, mbele ya wanawake waliokuwa wakipaa samaki, na hakuna aliyeniuliza kwa sababu walidhani nimefiwa.

Hasira yangu haikuwa ya kazi peke yake. Kazi ningeweza kumwachia. Angeniambia siku moja, kwenye lile benchi au popote, nyaminwa niachie hii, nina watoto, na mimi ningekasirika wiki nzima kisha ningemwachia, na yeye alinijua vya kutosha kulijua hilo. Badala yake alinifanya nijishuku mwili wangu mwenyewe. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimekubali kwamba mimi ni mtu anayeogopa maji.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na tundu kwenye kizimba cha pili. Alivaa jaketi. Nilifunga kamba kwenye pete, begani, pale pale. Alikaa ukingoni mwa boti muda mrefu kuliko kawaida, akiutazama mkono wangu. Msimamizi akauliza kama kuna tatizo. Akasema hakuna, akashuka.

Kamba ilipita mkononi mwangu, mita moja, mbili, tatu, nne. Ikasimama. Nilisubiri ule mvuto mmoja wa kusema niko salama. Haukuja. Kisha nikahisi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, wazi kabisa, zikifuatana kama mtu anavyobisha mlango.

Sikufikiri. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, mguu umekanyaga ubao, kamba ikinichuna viganja. Nilikuwa naita jina lake na sikujua naliita. Alitokea juu, jaketi likamsukuma uso majini, nikamshika kwa ile mikanda yenye viungo nikamgeuza. Nilimchungulia ndani ya kioo cha macho kutafuta damu, kutafuta povu, kutafuta chochote.

Hakuwa na kitu. Alikuwa anapumua taratibu, akinitazama. Hewa yake ilikuwa nzuri, mtungi umejaa, wavu haukumnasa popote. Alitaka tu kujua kama nitamvuta.

Kuvutwa bila kuita kuliniuma. Hili liliniuma zaidi. Alikuwa amekaa na mimi miaka sita, amekula kwetu, anajua ninavyofunga fundo, na bado alipotafuta moyoni mwake kujua mimi ni mtu wa namna gani, alijikuta yeye mwenyewe, akadhani ni mimi.

Msimamizi alikuja na daftari lake. Akamuuliza imekuwaje. Mwenzangu akasema hakuvuta, kamba ilinasa tu. Basi msimamizi akanigeukia mimi, kwa kuwa sheria ni sheria.

"Mara tatu," nikasema.

Msimamizi akaandika, akamwambia avue jaketi, hashuki tena leo. Nilifungua kamba kwenye pete. Niliikunja mizunguko mipana, nikaifunga katikati kwa fundo la ndama, nikaiweka mikononi mwa msimamizi. Nikamwambia atafute mtu mwingine wa kumshikia, mimi siwezi tena. Akauliza kwa nini. Mwenzangu alikuwa ameinama akihangaika na mikanda, na mikono yake haikuweza kuifungua, kwa hiyo nilipiga magoti nikamfungulia.